Juzi Tulishinda?

Saskatchewan, Jumatatu

Dada Oksana,

Pirogi zako za unga zilizojazwa viazi zimefika salama. Hoki ya ligi kuu siitazami tena. Wanateleza kwenye barafu utadhani wamebeba mayai. Hoki yenyewe ni ya hawa vijana wetu! Jumamosi Taras wako alifunga mawili, kisha beki mmoja wa wapinzani akambamiza kichwa ukutani. Mimi, mjomba mtu, nikapiga kelele, "Inuka, mwanaume halali chini hapo!" Akainuka, akamaliza mchezo.

Usishtuke. Anakula vizuri. Ila tangu asubuhi ameniuliza mara nne, "Mjomba, juzi tulishinda?"

Tulifungwa sita. Namwambia tulishinda, naye kila mara anafurahi upya.

Njoo na basi la kesho, dada.

Kaka yako mwenye mdomo,
Orest