Mwisho Niliompa Malkia

Jumapili, 5 Agosti 1973
Kijiji kizima kimevuka kwenda arusini Chole. Mimi nimesingizia jino, nikabaki Juani na redio ya darasa la kisomo, ya pekee kijijini. Leo sehemu ya mwisho ya mchezo wa redio, Malkia wa Visiwa Saba! Miezi saba nimemfuata mwanamke yule. Kapigana na majini, kamtoa nahodha wake tumboni mwa nyangumi. Halafu, dakika tano za mwisho — kaamka kitandani. Alikuwa anaota. Nahodha hayupo, majini hayapo. Tangazo la sabuni.

Nimelia kwa hasira. Mtunzi yule angekuwa darasani kwangu, ningemrudisha kwenye a-e-i-o-u.

Jumatano, 8 Agosti
Wavuvi wamerudi kutoka dago, walikopiga kambi wiki tatu. Marijani kaja kwangu moja kwa moja, magamba bado mikononi.

— Mwalimu Biasha, Malkia kaishia wapi?

Nilitaka kusema kweli, wallahi. Sikuweza. Nikamwambia Malkia kamkataa Sultani wa Majini mbele ya baraza zima, akasema mume wangu ni nahodha huyu, hata kama hana kitu ila nyavu zake. Nyavu! Nahodha wa redioni hakuwa hata na ndoana. Marijani akainama. Akaniomba nirudie pale pa nyavu. Nikarudia.

Ijumaa, 10 Agosti
Uongo wangu umefika kila kisima. Mwenyekiti wetu, Mzee Hemedi, kausifu mkutanoni: Malkia kakataa unyonyaji wa majini, huo ndio Ujamaa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumatatu, 13 Agosti
Posa! Marijani kamtuma mjomba wake, Mzee Ussi. Baba kasema jibu langu Jumamosi baada ya magharibi. Nimefurahi mpaka nimeunguza wali.

Jumatano, 15 Agosti
Nimekwisha. Redio imetangaza katikati ya somo: kwa maombi ya wasikilizaji, sehemu ile itarudiwa Jumamosi usiku. Mzee Hemedi kaamuru kijiji kizima kije kusikiliza. Marijani atajua kaposa mwongo, ataiondoa posa yake, na atakuwa na haki.

Nimezitoa betri, nimezifukia kwenye pipa la mchele. Nimesema zimekufa.

Jumamosi, 18 Agosti
Kabla ya magharibi kaja Shaibu, mwenzake Marijani wa dago, na betri nne. Nikamuuliza kazipata wapi.

— Za redio yetu ya dago hizi, mwalimu.

Redio gani? Kasema wanayo tangu mwaka jana. Jumapili ile walisikiliza wote. Malkia alipoamka kitandani, Marijani akatupa kikombe cha chai baharini, akanuna siku mbili.

Nimekaa chini palepale mlangoni. Alikuwa anajua! Alijua wakati ananiuliza, akaniacha nimtungie, nami nikamtungia nyavu. Aibu gani hii? Kumbe aliyeposa ni mimi. Mjomba wake kaja kuleta majibu tu.

Magharibi imepita. Mzee Ussi yuko barazani, kahawa yake imeshapoa. Nimewaambia nasuka nywele. Mama kachungulia, kaniona na kalamu, kaondoka anatikisa kichwa.

Baba anaita tena. Ndiyo yangu nilishaisema, siku kumi zilizopita, tena mara mbili. Sasa sijui natoka na uso gani kwenda kuisema mara ya tatu.