Mwezi Uliomeguka Kutoka Mlima Meru

Baba, shikamoo.

Nimekaa barazani kwako hapa Olasiti, kwenye kile kiti chako ulichotukataza kukalia. Nisamehe kwa hilo, ila lipo kubwa zaidi. Jua halijazama na mwezi umeshatoka upande wa Meru, mweupe kama kipande cha muhogo mbichi. Nimeutazama mpaka chai imepoa.

Unakumbuka ile asubuhi uliyonichukua kwenda Usa River, ulikokuwa unajenga ukuta wa mawe? Nilikuwa na miaka saba. Mwezi ulikuwa bado upo, umetulia juu ya mlima, nawe ukanionyesha ule upande wa Meru uliobomoka. "Unaona pale pamekosekana kipande? Ndicho kile kule juu." Kisha ukalipiga jiwe nyundo, vipande vikaruka, ukacheka: "Hivyo hivyo!" Jamani, nilikuamini. Miaka mingi nilikuwa nikiuona mwezi najua ni jiwe letu limekwenda kutembea, na siku moja litarudi nyumbani.

Halafu kikaja kipaimara changu. Wageni wamejaa, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani, na wewe umesimama unawasimulia habari ya mwezi na Meru. Mimi, na gauni langu jeupe na kidomo changu cha kidato cha pili, nikadakia: "Baba, acha kutuaibisha, wewe hujasoma." Watu wakacheka. Ukakaa chini. Hukuutaja tena mwezi mbele yangu mpaka umeondoka.

Sasa ona maajabu. Leo mimi ndiye mwalimu wa jiografia, nafundisha jinsi mwezi ulivyotokea. Wapo wataalamu waliosema dunia ilizunguka kwa kasi mno hadi ikameguka. Wengine walisema mwezi ulikuwa mpita njia tu, dunia ikaunasa. Wengine, kwamba vilizaliwa pamoja. Siku hizi wengi wanaona kwamba gimba kubwa, karibu ukubwa wa Mirihi, liliigonga dunia ingali changa, vifusi vikaruka, vikazunguka huko juu, vikakusanyika taratibu vikawa mwezi. Mawe yaliyoletwa kutoka huko yanafanana sana na ya kwetu. Bado wanabishana, lakini. Kuhusu mlima ulikosea, Baba. Meru ni mtoto wa juzi, umeukuta mwezi upo. Ila nyundo! Nyundo ulipatia kabisa.

Kila likizo nilisema nitakwambia. Nikaona haya.

Tulipokuzika kule Machame, Shangazi Anasia alikata jani la isale mgombani, akanieleza kwamba kwetu Wachaga mtu akikosana na mwenzake humpelekea jani hilo kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Nikamwomba anieleze tena. Kwa sababu asubuhi ya pili baada ya kipaimara nilikuta jani la kijani, limefungwa fundo, kwenye kitasa cha chumba changu. Mimi mtoto wa mjini nikadhani ni takataka za mapambo. Nililitoa, Baba. Nikawatupia mbuzi, na wewe ulikuwa uani unanawa uso, ukaniona.

Yaani mimi nikutukane, halafu wewe mzazi ndiye uombe msamaha, eti umeniaibisha mbele za wageni! Na miaka yote hiyo ukaishi ukijua nimekataa. Ukanilipia ada, ukaniletea maparachichi shuleni, na hukuniuliza hata siku moja. Ungeniuliza, Baba. Ningekuambia sikujua.

Kesho asubuhi naenda Machame na mche wa isale, nitaupanda kichwani pa kaburi lako. Na Jumatatu, nikishawafundisha wanafunzi nadharia zote za kwenye kitabu, nitafunga kitabu niwasimulie ya kwako, ya fundi mwashi na nyundo yake. Nitawaambia ni baba yangu.

Giza linaingia, mwezi umeanza kung'aa. Lala salama, Baba.

Lile jani nimelipokea.