Nyota Tano kwa Mlima wa Theluji

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, nimeshaitikia. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye ninayeombwa, hapa mtaani hata mume na mke wakigombana hupita kwanza karakanani kwangu ndipo waende kwa wazazi wao.

Mimi ni fundi wa mafriji. Sipendi kujisifu, lakini kuna friji niliwahi kulifufua kwa kijiko na kamba ya kiatu, likapoza mpaka mwenye nalo akanunua sweta la kuvalia jikoni. Shule niliiacha njiani, au tuseme tuliachana kwa amani. Ila dada yangu ana binti, mpwa wangu wa pekee, huyo yeye na shule wamekwenda bega kwa bega mpaka sasa yuko chuo kikuu anasomea udaktari, si wa sindano, ni ule wa utafiti, na utafiti wake ni mashine ya kutafutia video.

Nikueleze, maana hata mimi nilielezwa. Siku hizi fundi akikwama anaingia kwenye simu kutazama wenzake wanafanyaje, lakini ukiandika "kutengeneza friji" zinakuja video chungu nzima na nusu yake ni za watu wanaouza mafriji, na hiyo ya maana ukiipata ni ndefu, jamaa anasalimia, anashukuru, anakuomba umfuate, na ile sehemu unayoitaka imejificha huko katikati, utadhani unachambua mawe kwenye mchele. Sasa binti yule alikuja akakaa juu ya kompresa mbovu akanitazama ninavyohangaika, wiki nzima, kisha akaenda zake akarudi na mashine yake ndani ya simu. Akaniambia nisiandike kisomi, niseme tu kama ninavyomwambia mtu. Nikasema, nataka yule jamaa wa shati la mistari anayegonga bomba nyuma ya friji kisha anatega sikio. Mshauri, video ile haina neno hata moja, jamaa hasemi, anagonga tu, lakini mashine ikaileta, tena ikaifungua palepale anapoinua nyundo. Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Tena inajifunza, kadiri unavyoitumia inakujua, mwisho inakuletea ya kukufaa hata kabla hujaomba. Ila ili ijifunze inataka maksi: ikileta sawasawa unaipa nyota tano, ikileta upuuzi unaipa moja. Mpwa wangu akachagua karakana yetu iwe mojawapo ya sehemu za majaribio, na mimi nikawakusanya mafundi nikawaambia huyu ni mtoto wetu, asionekane mtu anashusha nyota, nao wakatii kwa sababu funguo za mlango ninazo mimi. Basi siku moja nikatafuta friji linaloganda nyuma huku mboga za mbele zinaoza, mashine ikaniletea bwana mmoja anapanda mlima wa theluji kwa kamba. Nikaipa tano. Nilijiambia barafu ni barafu. Kesho yake ikaleta mlima mwingine, nikaipa tano, na wenzangu nao wakafuata, na sasa hivi kwetu ni milima kutwa, fundi wa kuchomelea ameanza kuulizia bei ya koti.

Nisingekusumbua kwa hilo. Lakini wiki iliyopita mpwa wangu alikuja uso unang'aa, akasema karakana yetu imeongoza sehemu zote kwa maksi, na siku ya kuwasilisha kazi yake mbele ya maprofesa anataka mimi mwenyewe nisimame nitafute video, waone kwa macho yao. "Mjomba," akaniambia, "kazi hii imeanzia kwako, acha na mwisho wake uwe kwako." Nikakubali. Dada yangu ameshaipiga pasi suti yangu, na mimi nimeshautangazia mtaa kwamba nikiingia maprofesa watasimama. Sasa fundi mwenzangu tunayemwita Gesi, kwa sababu siri ukimpa inavuja, ananishauri siku hiyo nitafute kubadilisha mpira wa mlango wa friji, hapo mashine haikosei kamwe, nitoke na heshima yangu na mtoto apate udaktari wake. Wazo si baya, lakini nalala nalo linanigeukia, je, profesa mmoja akisema "haya mzee, tafuta na jingine", ikashuka theluji mbele ya wakubwa, mtoto wa watu ataweka wapi uso? Na nikimwambia sasa hivi namvunja moyo akiwa kwenye mstari wa mwisho. Nimwambie, au nishike la mpira wa mlango?

Mjomba wa Daktari Mtarajiwa

*

Mjomba, marahaba, kwa sauti ya barua yako bado wewe ni kijana kwangu.

Nimecheka, samahani, umenikataza lakini nilishindwa pale kwenye koti. Sasa tuache kicheko. Mpwa wako amefanya jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi: alikuja kukaa juu ya kompresa mbovu atazame fundi anavyotafuta, ndipo akatengeneza mashine inayoelewa maneno ya fundi. Chafya yako ilikuwa ya haki, hata mimi ningeipiga. Una kila sababu ya kumwonea fahari binti huyo.

Lakini fahari hiyo umeimwaga mahali pasipo pake. Hakukuomba sifa, sifa anazo kwa mama yake. Alikuomba macho yako. Mtu anayetafuta njia hasaidiwi na anayemwambia "umeshafika". Na mashine yenyewe haijui mjomba wala mpwa, inajua nyota tu. Wewe na wenzako mmeifundisha kwa bidii kwamba mafundi wa mafriji wanapenda kupanda milima, nayo maskini imewaamini. Kesho fundi wa mbali asiyekujua atauliza swali lako lile la mboga zinazooza, ataletewa kamba na theluji, na ataona aliyeitengeneza hajui kitu. Lawama hiyo itamwangukia binti, na maksi zilitoka mikononi mwenu.

Hilo la mpira wa mlango liache na Gesi wako. Unataka kumsimamisha binti mbele ya watahini akiapia kazi ambayo wewe unajua ina tundu, na yeye hajui? Huko ndiko kumvunja moyo. Tena kwa jina ulilompa huyo Gesi, sioni kama siri hii itafika siku ya suti.

Nenda leo, ukitoka kazini, na hayo mafuta mikononi. Usianze na kisa cha kijiko na kamba ya kiatu. Usimtupie lawama fundi wa kuchomelea. Sema: maksi za karakana ni za mapenzi, si za kweli, mimi ndiye niliyewaamuru. Kisha mwache akasirike, ana haki. Mwambie azifute zote na nyinyi mko tayari kuanza upya, na kama siku hazitoshi, kwenda kwa msimamizi wake kuomba muda ni uamuzi wake, wewe kazi yako ni kufungua karakana mapema. Maprofesa hawaogopi mashine inayokosea. Mwanafunzi anayejua mashine yake inakosea wapi, na kwa nini, huyo ndiye wanayemsikiliza kwa makini.

Na suti usiitundue. Siku hiyo bado utahitajika, ila ukiwa shahidi wa kweli.

Akishapoa, kaeni pamoja, mtafute tena friji linaloganda nyuma. Ikija theluji, ipe nyota moja. Hata akiwa anakutazama, bonyeza hivyohivyo.