Msamaha kwa Breki Ambazo Sikuziosha

Mashimoni, Kibera
Jumapili ya pili ya Agosti, mwaka wa arobaini na tatu tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu Mutinda,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti la shemeji linaendeleaje na baridi hii? Na kisima, bado kina maji, au mmeanza tena kwenda mtoni na punda? Mimi ni mzima. Asubuhi kifua hunibana kwa moshi wa jiko la jirani, lakini nikishatembea kidogo kinafunguka. Siku za kazi nakwenda Kawangware, kwenye kibanda cha fundi anayeunda viti vya magurudumu vya watu wasioweza kutembea. Mimi nashughulikia breki. Alikuwa akitumia mabomba ya chuma. Nimemshawishi atumie alumini, na sasa mama mmoja wa hapo anakiinua kiti cha mwanawe kwa mkono mmoja akivuka mtaro. Siku alipokijaribu nilifurahi kama kijana aliyepata kazi.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. "Rudi nyumbani, ndugu. Chumba chako kiko tayari. Watu wamekusamehe." Nimeusoma mara nyingi. Jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu, ndiyo maana nimenunua karatasi.

Wamenisamehe nini, Mutinda?

Wewe unajua yote, lakini nitayaandika, ili mtu mwingine akiiokota barua hii naye ajue. Nilifanya kazi ya magurudumu na breki za ndege zaidi ya miaka thelathini, katika hanga lile ninaloweza kulifikia kwa miguu kutoka hapa. Breki nilizojifunzia zilikuwa diski za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Seti moja tuliibeba watu wawili. Ikirukiwa na mafuta ya mitambo tuliitumbukiza kwenye pipa la dawa ya kuoshea, tukaikausha, ikarudi kazini. Uliponiletea mwanao Kioko, hiyo ndiyo kazi niliyomfundisha kwanza. Aliishi chumbani kwangu miaka sita.

Kisha zikaja ndege zenye breki za kaboni. Seti ile ile niliinua peke yangu, mzee mimi. Uzito unaopunguzwa kwenye gurudumu ni mafuta yasiyochomwa angani, na kaboni huvumilia joto ambalo chuma kingepinda. Lakini ina vinyweleo. Ukiiosha kwa dawa, inakunywa dawa, na siku rubani akikanyaga, haishiki. Nilichukua diski kuukuu nikadondoshea tone la mafuta mbele ya Kioko. Tone likazama.

"Umeona? Imekunywa."

"Baba Mkubwa, kumbe hii kitu ni mandazi!" akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hanga zima liliziita mandazi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hakuambiwa.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda kliniki kwa ajili ya kifua. Seti moja ilirukiwa na mafuta, na ndege ilikuwa inasubiriwa. Kioko aliona aibu kumwambia msimamizi kwamba diski za bei kubwa namna ile zimeharibika mikononi mwake. Akazitia kwenye pipa la zamani. Niliporudi zilikuwa kavu, safi, nzuri machoni, na habari ya mafuta sikuambiwa.

"Umezipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu tu?"

"Eeh, Baba Mkubwa."

Nikapiga muhuri wangu kwamba zinafaa kuruka. Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kulikana. Nilimwamini.

Ndege ilipotua, breki za upande wa kushoto hazikushika. Ikayumba, ikatoka barabarani, ikasimama kwenye nyasi. Watu wote walishuka kwa miguu yao. Jioni hiyo Kioko alinieleza ukweli akilia. Kesho yake ukaja wewe kwa basi, ukakaa kwenye kitanda changu, sisi watatu tu chumbani.

"Ndugu," ukasema, "wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Huyu ana watoto watatu. Waambie ni wewe uliyemwagiza aoshe."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ukweli nitausema mimi mwenyewe. Mbele ya wazee."

Nikaandika maelezo uliyotaka. Nikanyang'anywa leseni. Kioko akabaki, na sasa ndiye mkubwa wa meza ya breki niliyoisimamia mimi. Sikununa. Niliwaza, huku mjini wajue wanavyojua, lakini ziko nyumba kule ambako ukweli unajulikana.

Mwezi uliopita Mama Mwende alipita pale kibandani. Unamfahamu, mke wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, anayeuza ndengu Kawangware. Alikuwa ametoka huko kwenye sherehe ya shukrani ya Kioko.

"Mzee Muthama! Kumbe wewe ni mtu hatari hivi na unakaa tu hapa kimya?"

"Hatari gani tena?"

"Si ndugu yako alituambia! Tumekula mbuzi tumeshiba, akashika maikrofoni. Ati anashukuru Mungu kwa kuokoa kijana. Ati baba yake mkubwa alichanganyikiwa akaosha breki za ndege, karibu amalize watu, na kijana naye karibu afutwe kazi."

"Mutinda alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake! Watu wakapiga makofi. Pasta akasema tukuombee."

"Na Kioko?"

"Alikuwa mbele na suti. Aliangalia tu viatu." Akacheka, akagonga kiti kilichokuwa mbele yangu. "Hii nayo umeosha na nini?"

Fundi alicheka. Nami nikacheka. Lakini yule mama mwenye kiti cha alumini alikuwa amesimama hapo, ameleta breki ikazwe. Alimgeukia fundi, akamwomba kwa adabu aikague upya nikishamaliza.

Leseni nilikupa mwenyewe, Mutinda. Sikudai. Ungenyamaza tu, ningestahimili; mtu hushindwa kutimiza neno lake, nami ningekutafutia sababu. Lakini uliuchukua uongo tulioutunga pamoja kwa ajili ya mwanao, ukamshukuru Mungu kwa huo, mimi nikiwa mbali. Sasa unaniletea msamaha wa uongo huo huo.

Bado nasoma. Siku hizi ziko ndege ambazo breki zake zinabanwa kwa mota za umeme, bila mafuta kabisa. Nikisoma jambo kama hilo, hugeuka nimtafute Kioko nimweleze, kabla sijakumbuka.

Nisalimie shemeji, pole zangu za goti ni za kweli. Nisalimie dada yetu mkubwa aliyetulea, na umsomee barua hii yote, kwa sababu macho yake hayaoni na masikio yake ni mazima. Nisalimie mwalimu mstaafu aliyenifunza kusoma. Kioko mwambie hivi: diski ikirukiwa na mafuta aitoe kazini na aseme, hata msimamizi akifoka. Wanaopanda ndege hizo hawajui mambo yetu.

Chumba kile wekeni mahindi. Mimi sitarudi nyumbani.

Ndugu yako mkubwa,
Muthama