Ndoo Aliyoifunika Gracien

Kalundu, Uvira
Tarehe 9 Septemba 2023

Mpendwa mpwa wangu Laurette,

Pokea salamu kutoka ncha hii ya kaskazini ya ziwa letu. Hujambo? Mama yako Pélagie, miguu yake imepungua kuvimba? Na bibi, bado anakula vizuri? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, nao tumezoeana. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu ilidumbukia ziwani siku tulipokuwa tukishusha saruji. Baharia mmoja wa kwetu Kalemie amekubali kukuletea barua hii.

Maisha yangu ni yale yale. Mchana nabeba magunia bandarini, jioni nasonga ugali wa mtu mmoja. Kitabwa chetu, lugha ya nyumbani, nakisema nikiwa naoga tu, maana hakuna wa kunijibu. Anayebisha hodi kwangu ni Gracien, mbebaji mwenzangu, Mfuliiru wa Sange. Asipokuja, Jumapili huwa ndefu sana.

Baharia huyo ameniambia habari zako. Kwamba umerudi nyumbani kutoka Lubumbashi na hutaki tena kusikia habari za chuo. Kwamba katika darasa lenu la sayansi za tiba ni wewe peke yako uliyetoka huku ziwani, wenzako wanakuita Ndagala, dagaa wa ziwani, na kucheka Kifaransa chako. Na majirani nao wanakuuliza, "Unasoma miaka yote hii ili upime mavi ya watu?" Sikulaumu, mwanangu. Najua kukaa peke yako katikati ya watu kulivyo. Lakini soma kwanza jambo lililotokea hapa mwezi uliopita, kisha uamue.

Gracien alishikwa na kipindupindu. Mabomba yakikauka huku tunakunywa maji ya ziwa, ndiyo maana ugonjwa huo hautuachi. Nilipanda naye pikipiki, nikamshika asianguke, hadi kwenye kituo cha matibabu. Walimlaza kwenye kile kitanda chenye tundu katikati, ndoo ikiwa chini, wakamtundikia maji ya mshipa.

Akaja binti wa maabara kuchukua choo cha kupima. Anaitwa Consolate. Akamsalimia kwa Kifuliiru, akamuuliza kwao na kwa wakwe zake, kama watu wanavyoulizana huku. Walipofika kwenye jina la ukoo wa mkewe, Gracien alifumba macho. Kumbe binti yule ni mdogo wa mama mkwe wake, baba mmoja. Kwa hiyo naye ni mama mkwe, hata kama ana umri wa kuwa binti yake, na huku mwanamume hatazamani na mama mkwe!

Mtu aliyekuwa hawezi kuinua kichwa alivua shati lake akaifunika ndoo, akaishikilia kwa mikono miwili.

"Basile, mwambie atoke," akaninong'oneza. "Minye nitamupa mama mkwe mavi yangu? Heri nife."

"Weye ukifa, yeye ndiye atakulilia," nikamwambia. "Toa mkono."

Hakutoa. Daktari, mtu mwema aliyetoka mbali, akaona maradhi yamempanda kichwani, akaita vijana wawili waje wamshike. Consolate akamzuia. "Si wazimu, daktari. Ni heshima. Nipe dakika chache."

Akageuka, akamwonyesha Gracien mgongo, akatoka. Akanipa mimi kikopo kidogo cha kutilia choo kupitia pembeni ya pazia. Gracien akainua ncha ya shati, nikakijaza, nikakirudisha hivyo hivyo, macho yao yasikutane. Toka upande wa pili wa pazia Consolate akasema, "Mkwe, ukipona usisahau kunikimbia barabarani kama inavyotakiwa!" Gracien akacheka, akaliachia shati.

Baadaye nilimkuta Consolate akinawa mikono. Nikamweleza habari zako. Akasema hata yeye alikuwa peke yake darasani, alikuwa akilia nyuma ya choo halafu anarudi kukaa mstari wa mbele. Mpaka leo kwenye timu yao watu wa huku ni wawili tu. "Mwambie sisi wawili tumechoka," akasema. "Akifika mwaka wa tatu aombe stage, mafunzo ya kazini, hapa kwetu. Nitampokea mwenyewe."

Mimi niliacha shule darasa la sita, siwezi kukufundisha kitu cha vitabu. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona. Gracien amepona, amerudi kubeba magunia. Juzi alimwona Consolate sokoni, akajificha nyuma ya mafungu ya mihogo. Nilicheka mpaka mgongo ukauma.

Nilipofika chumbani kicheko kikaisha. Mimi hapa sina mke, sina mkwe. Siku nikilala kwenye kitanda kile, hakuna wa kumwonea haya, na hakuna atakayejua kwetu ni wapi.

Nisalimie mama yako na bibi, na Ezéchiel mdogo wako, mwambie aache kuogelea karibu na meli. Mungu akuongoze mpaka Lubumbashi, akupe kiti cha mbele. Rudi, Laurette. Wakuite Ndagala. Iko siku mtu wa kwetu ataifunika ndoo yake, na katika darasa lenu lote ni wewe tu utakayejua kwa nini.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye nikiwa mbali,
Basile