Siku Mwaitu Alipolala Chini ya Pikapu Yangu

Munyu,
S.L.P. 7,
Thika.

6 Aprili 2025

Mpendwa ndugu yangu Kyengo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari za Alberta, na baridi yenu imepungua? Mgongo wako je, tangu uliponiambia kiti cha lori kimekumaliza? Natumaini unaisoma hii ukiwa umekula na umevua viatu. Sisi hatujambo. Mke wangu Nzilani ni mzima ila goti. Mkeo Kamene nilimwona Ruiru Jumapili iliyopita, presha imeshuka na amerudi kwaya. Mvua ilianza Jumanne, na leo nikiandika mabati yanapigwa vizuri mpaka raha.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu iko mfukoni. Tabby, yule binti wa jirani yetu aliyepata kazi ya unesi Calgary, anasafiri Alhamisi na ndiye atakayekukabidhi bahasha. Lakini sababu hasa ni nyingine. Kwenye simu nikifika kwenye jina fulani, wewe hukata. Barua hujawahi kutupa tangu utoto wetu, kwa hiyo najua utaisoma yote, hata kama ni kwa hasira.

Nianze na furaha. Tumenunua pikapu, na ni mpya. Mimi ambaye maisha yangu yote nimeendesha magari ambayo watu wengine walishachoka nayo. Ina milango minne, inavuta kwa magurudumu yote manne, na viti vilikuja vimefunikwa nailoni ambayo mpaka leo sijaitoa. Nzilani anasema tukikaa tunalia kama mfuko wa mkate. Mchungaji Mugo alikuja kuiombea, akataka boneti ifunguliwe ili injini nayo isikie. Watu walicheka. Mimi nilifumba macho kabisa.

Shida ikawa maji. Nzilani alikuwa na miche elfu sita ya avokado kwenye kitalu chake, ameibebesha vikonyo vya miti mizuri kwa mkono wake, mmoja mmoja, na wakulima wameshaiagiza, wanangoja mvua tu. Mwisho wa Januari kisima chetu kikakauka. Kiama wa ng'ambo ya mto ana kisima kirefu, akatukubalia tuchote, lakini kwake ni kilomita nane na punda wetu hubeba mitungi minne. Nzilani akawa anaamka asubuhi anachagua miche itakayokunywa leo na ile itakayongoja kesho. Siku moja nilimkuta analia katikati ya kitalu, na wewe unajua huyo mwanamke hajalia tangu tumzike mama.

Nikapata trela. Kuna shamba la kahawa Ruiru lililokatwakatwa ploti, vifaa vikauzwa, nami nikajipatia trela la tangi la lita elfu moja na mia tano. Ila lilikuwa la kuvutwa na trekta. Mbele lina pete kubwa ya chuma, na nyuma ya pikapu yangu hakukuwa na kitu chochote cha kulishika. Fundi wa kwanza niliyemleta kutoka mjini alifika na drili mkononi, akataka kutoboa chasisi hapa na pale kisha achomelee. Gari halijamaliza mwezi. Nilimpa chai, nikamsindikiza hadi barabarani.

Sasa hapa naomba usiikunje karatasi. Nilimpigia Syokau.

Najua ulisema nisikutajie. Nimejaribu kukutii miaka mitatu, tangu alipoacha uhandisi pale chuoni Juja akiwa mwaka wa tatu, akaenda kujifunza kuchomelea chuma na mafundi wa Kiandutu, nawe ukasema huna binti. Hata mimi niliumia. Lakini huyo ndiye amebeba jina la mama yetu, na kwa sababu hiyo tangu akiwa mchanga mimi na wewe tulimwita Mwaitu, mama yetu. Mimi sikuacha kumwita hivyo. Siku hizi ana kibanda chake cha kazi Ruiru na chumba cha kupanga Witeithie.

Alikuja Jumamosi asubuhi na ovaroli, tochi na kartoni kuukuu. Hakubeba drili. Nikasema moyoni, huyu amekuja kutembea. Akatuamkia, akanywa chai, akatandika gunia na kuingia chini ya pikapu. Alikaa huko karibu saa nzima, Kyengo. Tulikuwa tunaona viatu tu. Nzilani akaniuliza kama amepitiwa na usingizi. Nikainama, nikamwona anapapasa vyuma kwa vidole, polepole, vile mama alivyokuwa akipapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba.

Halafu akaniita. "Anko, kuja ulale hapa uone." Nikalala juu ya gunia na shati langu la kanisani. Akachukua msumari, akabandua kifuniko kidogo cha plastiki kwenye chasisi, halafu kingine, halafu kingine, na chini ya kila kimoja kulikuwa na tundu safi la bolti. Yalikuwa sita. "Hizi mashimo ziko hapa tangu kiwandani," akaniambia. "Wenye walitengeneza hii gari walijua siku moja itavuta kitu. Hatutoboi hata moja."

Nilikuwa nimelipangusa gari hilo kila asubuhi, naringa nalo kanisani, na sikujua limebeba nini tumboni. Yeye alilijua kwa saa moja, kwa vidole.

Alichora umbo la chuma kwenye ile kartoni, akarudi Ruiru, na Jumamosi iliyofuata akaja na kitu kizito kimepakwa rangi nyeusi. Kikaingia kwenye matundu sita bila kusukumwa. Bampa hakulikata. Kwenye trela aliondoa ile pete, akaweka shingo mpya inayokalia tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu, na kwenye shingo hiyo akaunga breki alizotoa kwenye trela la mashua lililokuwa limekufa. Trela likitaka kuisukuma pikapu kwenye mteremko, shingo inabonyea na breki za trela zinashika zenyewe. Alinionyesha kwa mkono mara tatu, na mara zote tatu nilitaka anionyeshe tena.

Bado hakuridhika. Tulipofika kwa Kiama akajaza tangi, akaazima mizani ya mahindi, akaweka pua ya trela juu yake. Akasema ikiwa nyepesi sana trela litacheza mkia barabarani. Akamwaga maji yote, akalisogeza tangi mbele shibiri moja, akajaza tena, akapima tena. Mwisho, kila nati inayoshika kile chuma kwenye pikapu aliichora mstari mweupe wa rangi unaotoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Ukiona mstari umekatika, ujue nati imetembea, usiondoe gari.

Alipokuwa anaondoka aliniambia neno moja kuhusu maji: nijaze mpaka juu, au niache tupu.

Hapa nitaungama. Jumatatu tulienda kwa Kiama mimi na Nzilani peke yetu. Tangi lilipoanza kujaa nikaona springi za nyuma zinashuka, na nikaionea pikapu huruma. Wewe na mimi tulilelewa na punda, Kyengo. Punda mchanga humwanzishi na mzigo mzima, unampa nusu mpaka azoee. Nikafunga bomba tangi likiwa nusu, nikajiona mtu mwenye utu.

Unakumbuka mteremko ulio kabla ya daraja. Niligusa breki kwenye kona. Maji yote yakaja mbele kwa pamoja yakatupiga mgongoni. Kisha yakarudi nyuma, usukani ukawa mwepesi mkononi, kisha yakaenda upande na kuvuta mkia wa gari kuelekea mtaroni. Nzilani alitamka jina la Yesu mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hiyo ilinitisha kuliko mayowe. Tulisimama gurudumu moja la trela likiwa linaning'inia juu ya mtaro, na daraja liko hatua kumi mbele yetu.

Hatukuumia. Nilishuka, nikaenda nyuma nikijua nitakuta chuma kimepinda au kimeng'oka. Mistari myeupe ilikuwa mizima. Nikaihesabu yote sita, nikaihesabu tena. Halafu nilikaa chini barabarani, mtu wa miaka sitini na mbili, nikalia, na Nzilani akanishika bega tu.

Nilimpigia Syokau, akafika na bodaboda mchana huo. Alituangalia sisi kwanza, akamgusa shangazi yake mikono na shingo, ndipo akaangalia nati. Kisha akachukua spana akagonga tangi kuanzia chini kwenda juu, mpaka mlio ulipobadilika.

"Anko, uliweka nusu?"

Nikamweleza habari ya punda mchanga. Hakucheka.

"Maji ikiwa nusu inatembea, Anko. Hapo ndiyo ilikuwa inaendesha, wewe ulikuwa abiria." Akaweka spana chini. "Lakini hata mimi nilikosea. Nilikuambia ujaze, sikukuambia ni kwa nini."

Ndugu yangu, nimefundisha miaka thelathini na minne. Sijawahi kumwambia mwanafunzi aliyeanguka kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Na huyu ni mtoto niliyemfundisha kusoma saa.

Alikaa kwetu siku mbili. Aliingia ndani ya tangi kupitia mdomo wake, mimi nisingepitisha hata bega, akachomelea kuta tatu zenye matundu ili maji yapite polepole yasikimbie. Alipotoka uso ulikuwa mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana, na Nzilani akamwogesha kwa maji yale yale tuliyokuwa tunayabana kwa ajili ya miche. Tangu siku hiyo mpaka mvua ya Jumanne nimevuta maji kila siku, nikiwa nimejaza mpaka juu, na mteremko ule naushuka kama mtu anayetoka ibadani. Miche haikufa hata mia mbili. Wiki hii wakulima wanakuja kuichukua, na Nzilani ananiimbia hata nikichelewa kula.

Wewe unayevuta matrela marefu kwenye theluji utayaelewa haya kuliko mimi. Na nitakuambia ninachofikiri. Hiki kitu hakikutoka Kiandutu. Ulipokuwa darasa la saba uling'oa magurudumu ya baiskeli ya baba ukamtengenezea punda mkokoteni, na ulivutika vizuri, nilikuwepo. Baba hakuuangalia hata mara moja. Alikuchapa kwa ajili ya baiskeli. Ulilala kwenye ghala siku mbili, ukaniambia kwamba kama angeuangalia tu, ungekubali kuchapwa mara mbili.

Juzi nikiosha pikapu nilipitisha kitambaa chini ya kile chuma, mahali ambapo mtu haoni mpaka alale chini. Vidole vikahisi herufi. Nikatandika gunia, nikaingia na tochi. Amezigonga kwa patasi, moja moja, kipimo cha uzito, tarehe, na chini yake SYOKAU KYENGO. Sikuelewa, kwa maana kibanda chake kina jina jingine kabisa mlangoni. Nikamuuliza kwa simu. Akajibu, "Kazi nikiwa na uhakika nayo naandika jina yote." Nikamuuliza kama huandika hivyo kwenye kila kazi. Akasema ni tangu ile ya kwanza kabisa.

Kwa hiyo, Kyengo, kuna mageti Ruiru na mabenchi Juja yenye jina lako chini yake, na wewe hujui. Miaka mitatu hutaki jina lake litajwe, na yeye amekuwa akiligonga lako kwenye chuma. Sikuombi usahau Juja. Nakuomba uangalie mkokoteni. Nambari yake ni ile ile, hajaibadilisha, na ameniambia sababu. Ukimpigia usianze na masomo. Mwite Mwaitu kwanza, hayo mengine mtayafikia.

Nzilani anakusalimu na anakuwekea miche miwili ya shamba lako. Mchungaji Mugo anakusalimu, Kiama pia, na Kamene anasema uvae sweta hata ukiwa ndani ya lori. Mungu wa mama yetu akulinde barabarani, akushikie breki pale ambapo mguu wako haufiki.

Syokau hajakutumia salamu, na sitamsingizia. Alikuwa hapa leo akikagua ile mistari myeupe. Aliponiona na karatasi na kalamu hakuniuliza namwandikia nani. Aliuliza tu, bila kuinua macho, huko kwenu sasa ni saa ngapi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukikaidi,

Wambua