Jina Lililokwama Thelujini

Ijumaa, 10 Februari

Theluji tena. Imeanza alfajiri na haioneshi dalili ya kuchoka. Barabara ya kuteremkia mji wa Khorog bado imefukiwa na poromoko, pale kwenye kona ya daraja. Umeme unakuja ukipenda. Moshi wa jiko umekataa kupanda, unazunguka humu ndani kama mgeni asiye na kwao.

Wote tumenuna. Mume wangu, Baba Alinazar, kanuna kwa kuwa redio haishiki. Savsan, mke wa mwanangu, kanuna kwa kuwa nepi hazikauki. Ng'ombe naye kanuna, kapunguza maziwa. Mimi nimenuna bila sababu, na huo ndio ununaji mbaya kuliko wote.

Nikizidiwa hufungua kamusi. Kufundisha lugha kumeniachia macho mabovu na kamusi tatu. Leo nimesoma chilla, yaani siku za baridi kali. Limetokana na chil, arobaini. Wazee wa zamani walikuwa na matumaini. Arobaini, kisha basi! Hawakuiona Februari hii.

Mtoto wa Savsan bado hana jina. Kazaliwa mwezi uliopita, na barabara ikafungika wiki ile ile. Baba yake yuko Moscow, anajenga maghorofa ya watu. Kwetu jina hutolewa na mkubwa wa ukoo. Huyo ni shemeji yangu Imatsho, kaka wa mume wangu, nyumba ya pili ndani ya ua huu huu. Jumapili atakuja kunywa chai na kulitamka. Kwa sasa tunamwita Kadogo.

Jumapili, 12 Februari

Imatsho kaja na kofia yake ya sherehe, mfukoni matunda ya forosadi yaliyokaushwa. Niliandaa chai ya maziwa na chumvi, siagi juu, mkate wa moto. Kakaa mahali pa mkubwa. Kamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha kasema, "Ataitwa Davlatmo. Jina la marehemu mama."

Ingeishia hapo. Savsan alikuwa keshainamisha kichwa kushukuru.

Lakini Baba Alinazar alikuwa kapigana na moshi tangu asubuhi. Kasema davlat si neno letu, ni la Waarabu. Mtoto wa milimani apewe jina la milimani. Imatsho kamjibu kwamba hata salamu wanayopeana kila siku ni ya Waarabu, basi aache kuiitikia.

"Salamu sawa," kasema mume wangu. "Lakini jina lina maana, kaka. Davlat ni dola. Mo ni mwezi. Unataka mjukuu wangu aitwe Mwezi wa Serikali?"

Savsan kacheka. Kilikuwa kicheko cha kushtuka tu, lakini kilisikika. Mimi nikaingilia kwa nia njema ya kimwalimu: nikasema mzizi wa neno ni kuzunguka, kupokezana, leo kwako kesho kwangu, ndiyo maana likawa bahati, kisha mali, kisha dola. Hakuna aliyenisikiliza. Ni kama darasani.

Imatsho kaweka bakuli chini, chai imejaa. "Mama alikunyonyesha mwaka wa njaa," kasema taratibu, "yeye mwenyewe akila majani. Leo umemwita Serikali."

Kavaa viatu. Kaondoka. Na forosadi kaondoka nazo.

Jumanne, 14 Februari

Hawaongei.

Kila mmoja anazoa theluji upande wake wa njia ya kwenda kisimani. Mume wangu anaishia kwenye kigingi cha ng'ombe, Imatsho anaishia hatua chache kabla ya hapo. Katikati pamebaki tuta la kufika kiunoni. Mimi na Savsan ndio tunaolipanda na ndoo.

Neno la hali hii ni kahr. Kwetu maana yake ni kususa, kumnyima mtu maneno. Kwa Waarabu lilikuwa na ukubwa zaidi, lilikuwa kushinda, kutiisha. Jina la mji wa Kairo limetoka kwenye mzizi huo huo. Nikamwambia Baba Alinazar kwamba yeye na Kairo ni ndugu.

"Kairo kuna theluji?"

"Hakuna."

"Basi si ndugu."

Kageukia ukuta. Kalala, au kajifanya.

Jumapili, 19 Februari

Savsan kapanda hadi kwenye jabali nyuma ya shule, ndipo mtandao unaposhika. Karudi mashavu mekundu, kwa baridi na kwa kitu kingine.

Nikamuuliza mumewe kasemaje.

"Kasema tuwasubiri wazee."

Kaanza kukunja nguo. Kisha: "Mama, nasubiri theluji iyeyuke. Nasubiri mume arudi. Sasa nisubiri na wanaume wawili wenye mvi wasemeshane?"

Nikamwambia alete zile nepi nizisogeze karibu na jiko.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilikerwa naye pia. Nilimwona kama amenizidishia kelele ndani ya kichwa. Huo ni msimu, si mimi. Au ni mimi na msimu.

Jumamosi, 25 Februari

Kadogo ana homa tangu jana. Kifua kinakoroma. Muuguzi Gulsifat kapanda kutoka kijiji cha chini, sketi imelowa hadi magotini. Kampima, katoa dawa, kauliza jina ili aandike kwenye chupa. Kaandika "mtoto wa Savsan" na hakuuliza tena. Kwenye bonde hili habari hazihitaji barabara.

Mume wangu alisimama mlango wa mbele. Imatsho kaja kwa mlango wa zizini ili wasikutane, mkononi mafuta ya mkia wa kondoo ya kumkandia mtoto kifua. Kanipa mimi. Wakabaki hivyo, mmoja huku, mmoja kule, wote wanamtazama mtoto na hakuna anayemtazama mwenzake.

Savsan hakupandisha sauti. "Akifa leo," kasema, "mtaandika nini kwenye jiwe?"

Kuni zilipasuka jikoni. Imatsho katoka kwanza, kisha mume wangu, kila mmoja kwa mlango wake.

Jumapili, 26 Februari

Homa imeshuka. Kanyonya. Sina zaidi.

Jumatano, 1 Machi

Nimejaribu upatanishi. Sikuzaliwa nao, lakini nani mwingine?

Nilianza kwa Imatsho. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na nyumba yake ni safi kuliko yangu. Nikamwambia mdogo wake amejuta.

"Kakutuma?"

"Hapana, shemeji."

"Basi hajajuta. Mwambie aende kaburini kwa mama akaombe radhi, ndipo aje kwangu."

Nikarudi kwa wangu. "Makaburini? Njia ya makaburini ni upande wake wa kuzoa. Azoe, nitakwenda."

Nikapeleka jibu. Imatsho kasema mwenye kosa ndiye mwenye beleshi.

Nikaenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe hana asili ya maneno, ana joto tu.

Alhamisi, 9 Machi

Paa limeanza kudondosha matone. Upande wa jua, chini ya ukuta, umeonekana udongo mweusi wa ukubwa wa sahani. Nilisimama nikautazama kama mtu anayetazama televisheni. Mchana tumesikia tingatinga kwa mbali, linakwaruza upande wa daraja.

Mtu angetegemea nyuso zifunguke. Wapi! Sasa ndipo ununaji umekomaa. Wakati wa baridi kali mtu hununa akijua anaonewa. Mwisho wa baridi hununa kwa mazoea.

Savsan amefua kila kitu, hata ambavyo havikuwa vichafu. Anapanga nguo za mtoto kwenye begi la bluu alilokuja nalo siku ya harusi. Hakunificha.

"Gari la kwanza likipanda, nashuka nalo, mama. Nitakaa kwa mama yangu Khorog. Huko mtoto ana bibi tu, hana mkutano."

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Mkwe wa kike tunamwita kelin. Neno la Waturuki. Wapo wataalamu wanaosema limetokana na kuja: kelin ni aliyekuja. Wengine wanakataa. Nimekaa na ukurasa ule wazi mapajani. Aliyekuja. Neno halisemi kwamba atabaki.

Sikumwomba abaki. Kwa nafasi yake hata mimi ningepanga begi. Ila nitamkosa, na hilo sikulisema, maana alikuwa anahesabu soksi.

Jumamosi, 18 Machi

Barabara imefunguka. Dereva mmoja wa kijiji cha chini atashuka Khorog Jumatatu asubuhi, kabla ya mkesha wa mwaka wetu mpya, wa tarehe 21. Savsan kajiwekea nafasi ya mbele.

Leo ni siku ya kufagia masizi ya majira yote. Tumetoa mazulia ya sufu nje, tukayapiga. Vumbi lake ukilipata usoni unakumbuka kila moshi wa Januari. Savsan kapiga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Baba Alinazar kaliona begi mlangoni. Kauliza ni la nini, nikamwambia. Kakaa juu ya zulia lililokunjwa, ufagio mkononi. Kasema, "Mwambie kaka, mtoto aitwe Davlatmo. Mimi sina neno."

Nikavuka ua. Imatsho alikuwa anapaka boriti unga kwa vidole, akichora maua ya mwaka mpya, kama mama yao alivyokuwa akipaka. Kabla sijafungua mdomo kasema, "Shemeji, mwambie mdogo wangu achague jina alipendalo. Mtoto asiondoke."

Nikamwambia wamekwisha kukubaliana basi, kila mmoja kamwachia mwenzake.

"Na aje aseme mwenyewe," kasema.

Nikavuka tena. Mume wangu: "Aje yeye. Mimi ndiye niliyekubali kwanza."

Niliwaita wapumbavu, kila mmoja nyumbani kwake, kwa heshima zote. Wote wawili wameshindwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushindwa.

Savsan alipiga zulia hadi jua likazama nyuma ya mlima. "Wameshachelewa, mama," kasema, kwa utulivu kabisa. Utulivu ule ndio ulionitisha.

Jumatatu, 20 Machi

Naandika nimesimama, karibu na dirisha.

Gari limefika mapema, jeupe, matope hadi kwenye vioo. Savsan kaniaga vizuri, kanibusu mkono na mimi nikambusu kichwa. Hatukulia. Kaingia mbele na mtoto, begi miguuni. Mume wangu kasimama upande wa kushoto wa gari, Imatsho upande wa kulia, kila mmoja akijifanya anakagua tairi.

Dereva katoa karatasi. Kwenye kizuizi cha barabarani wanataka majina ya abiria wote, kasema, hata wa kunyonya.

"Savsan," kasema Savsan. "Na huyu ni Zumrad."

Mimi sikuwa nimelisikia jina hilo kabla. Zumaridi. Nilitazama nyuso za wazee.

Mume wangu ndiye aliyekohoa kwanza. "Zumrad? Nani kalitoa?"

"Mimi. Nimelipenda. Sikuuliza lilikotoka."

Dereva akaandika. Kisha Imatsho kasema, akiangalia boneti ya gari, kwamba si jina baya, ingawa nalo ni la Waarabu.

"Si la Waarabu," kasema mume wangu.

Kalisema kwa Imatsho. Kwake moja kwa moja, juu ya boneti. Nadhani wala hakujua kwamba amelisema.

"Kama si la Waarabu, la nani?"

"La Wayunani. Limepita tu kwa Waarabu, kama bidhaa."

"Wayunani wana zumaridi wapi? Mawe hayo yametoka India. Jiwe likitoka India, jina limetoka wapi, Moscow?"

"Kaka, jiwe ni jiwe na neno ni neno."

"Usinifundishe, mdogo wangu. Nilikufundisha mimi kufunga kamba za viatu."

Imatsho kazunguka mbele ya gari ili asikike vizuri. Sasa wamesimama upande mmoja, upande wa Savsan, vidole hewani. Dereva kauliza tunakwenda au hatuendi. Hawakumsikia. Kisha wote wawili wakanigeukia: "Mwalimu, amua wewe."

Kamusi inalijua neno hili. Wayunani, naam, na nyuma ya Wayunani wataalamu wanagombana, wengine India, wengine kwingine. Ningeweza kuwapa kila mmoja nusu na yangeisha pale pale. Nikasema sikumbuki, ngoja nikatazame. Na nikawafungie wasafiri mkate.

Mkate nimeshaufunga. Nimeufungua. Naufunga tena.

Kutoka hapa naona Imatsho ameingiza kichwa dirishani mwa gari, anamuuliza Savsan kitu, na Savsan anamjibu. Sisikii nini. Mume wangu kashika mlango, lakini sioni kama anaufunga au anaufungua. Mtoto kaamka.

Dereva amezima injini. Savsan bado yumo, mlango wazi, mguu mmoja nje.